Siku Nilipovaa Ndevu za Samweli

Wiki iliyopita jirani yangu alichinja kondoo, akaiwamba ngozi kwenye ukuta unaotazamana na dirisha langu la jikoni. Alfajiri ukungu ukashuka, ngozi ikaloa. Nilipofungua dirisha, harufu iliingia kabla ya mwanga: mafuta yaliyoganda, manyoya mabichi, na moshi kwa mbali. Mume wangu akaziba pua. Mimi nikashika kidevu.

“Unatafuta nini hapo?” akauliza.

“Ndevu zangu,” nikamjibu.

Ngoja nikueleze wewe habari za ndevu hizo, maana yeye ameshazisikia mara nyingi, na siku hizi nikianza tu anakumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Nilikuwa darasa la nne. Kijiji chetu kiko juu, ukishapita Maretadu na kuendelea kupanda, mahali ambapo mahindi na maharage hulimwa hata kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hufikiri mara mbili kabla ya kushuka. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mwema, na nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele hatapendeza sana. Alikuwa na kofia ya pama ya kuendea mikutanoni, na muhuri aliouhifadhi ndani ya sanduku la vitenge vya Mama. Watu walikuja na barua zao, Mama akawapikia chai, Baba akaupulizia muhuri pumzi ya moto na kuugonga kwa nguvu mpaka vikombe vikaruka mezani. Sisi watoto tuliamini serikali yote inakaa ndani ya sanduku lile.

Pamoja na ukubwa huo, maji tulichota kama watu wengine. Chemchemi ilikuwa bondeni kabisa. Wakati wa kushuka tuliimba, wakati wa kupanda hakuna aliyeimba. Nilibeba dumu mgongoni, kamba imenipita kifuani, mara moja kabla ya shule na mara moja baada ya shule. Hadi leo nikipita karibu na bonde lolote lenye mwinuko mkali, mabega yangu hujikunja yenyewe.

Ndipo akaja punda.

Alikuwa punda wa Bibi Natalia, mjane aliyekaa ng'ambo ya pili ya bonde. Watoto wake walikuwa wamehamia Babati na wengine mbali zaidi, akabaki na kuku watano na punda huyo wa kijivu mwenye sikio lililochanika. Magoti ya bibi yalikuwa mabovu. Akitaka kusimama, alishika kitu kwanza, akanyoosha goti moja, akapumzika, ndipo akanyoosha la pili. Kwa hiyo punda ndiye aliyemletea maji. Mwezi wa sita mnyama huyo akakutwa ndani ya shamba la shule, ameshakula mistari miwili ya maharage na anautazama wa tatu.

Kijiji kilikuwa na sheria yake, na ilikuwa sheria nzuri. Mnyama akiingia shamba la watu, hushikiliwa kwa mwenyekiti mpaka kamati ikae, isikilize pande zote, na kuamua fidia. Basi wakamleta kwetu, akafungwa nyuma ya jiko.

Siku ya kwanza hakufanya kazi yoyote. Siku ya pili Mama akasema mnyama huyu anakula majani yetu bure, hebu alete madumu mawili tu. Siku ya tatu yakawa manne. Wiki ya pili ilipoisha alikuwa anabeba maji, anabeba kuni, anapeleka mahindi mashineni, na siku moja alimbeba shangazi yangu aliyeteguka mguu, shangazi akiwa amejifunika khanga usoni ili watu wasimtambue. Sisi watoto tulimpenda. Alikuwa na msalaba mweusi mgongoni kama punda wengi wa kijivu, nasi tukakubaliana kwamba ameshabatizwa. Hakuna aliyempenda kuliko mimi, kwa sababu dumu langu sasa lilikaa kwenye mgongo wake.

Kila Alhamisi Bibi Natalia alikuja. Baba alisimama akimwona, akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za punda wangu.”

“Kamati haijakaa, mama.”

“Itakaa lini?”

“Wajumbe wako kwenye mavuno. Wakimaliza tu, tunakaa.”

Alipewa kiti chenye mgongo, akapewa chai ya maziwa, tena kikombe kikubwa. Alikunywa, akashukuru, akashika meza, akanyoosha goti moja, kisha la pili. Njiani alipita nyuma ya jiko akaweka kiganja kwenye paji la uso wa punda na kumwambia maneno machache ya Kiiraqw. Baadaye nilimwona kwenye mteremko wa ng'ambo, dumu mgongoni, akikaa juu ya jiwe, akisimama, akikaa tena juu ya jiwe lingine.

Niliyaona yote hayo, na ni lazima nikuambie ukweli. Jioni kwenye sala ya nyumbani, wenzangu walipoombea wagonjwa na mvua, mimi niliomba kimoyomoyo kamati isikae. Wiki tano mfululizo Mungu alinisikia, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Wakati huohuo Mwalimu Safari, mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, ambaye siku nyingine zote alikuwa fundi cherehani, alitangaza kwamba Sikukuu ya Mavuno mwaka ule itakuwa na igizo. Alichagua habari za nabii Samweli. Alituambia kwamba Samweli aliwaongoza Waisraeli tangu ujana wake mpaka akaota mvi. Alipofika wakati wa kumwachia mfalme kazi, aliwakusanya watu wote, akasimama katikati yao, akawataka wamshuhudie mbele za Mungu kama kuna mtu aliyemwonea. Hakuna aliyemlazimisha. Aliuliza mwenyewe.

“Mwenye cheo anayeona aibu kuulizwa,” Mwalimu alisema huku akikata uzi kwa meno, “ujue kuna kitu amekikalia.”

Tulitikisa vichwa kwa hekima kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mtu yeyote.

Wavulana wote walikataa ndevu, maana zilitengenezwa kwa kipande cha ngozi ya kondoo ambacho hakikukauka vizuri na kilinuka kama zizi lililofungwa wiki nzima. Nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Mwalimu aliniandikia maneno kwenye karatasi ya daftari, akiyarahisisha ili yatoshe mdomoni mwangu: “Nimechukua ng'ombe wa nani? Nimechukua punda wa nani? Nani nimemdhulumu? Kama yupo, asimame, nami nitamrudishia leo.” Nikishamaliza, niinue fimbo. Fimbo ikipanda, watoto kumi na mmoja waliosimama nyuma yangu watapaza sauti, “Hukuchukua kitu cha mtu!” Kisha wimbo, kisha kila mtu anakwenda kula.

Nilikariri maneno hayo wiki mbili. Nilikariri wapi? Njiani kutoka chemchemini, nikitembea nyuma ya punda wa Bibi Natalia aliyebeba madumu manne. “Nimechukua punda wa nani?” nilimwuliza mgongoni kila siku, naye akatikisa lile sikio lililochanika. Jioni nilirudia mbele ya Baba. Alisikiliza kwa furaha, kofia juu ya goti.

“Paza sauti, Juliana,” aliniambia. “Samweli alikuwa nabii. Waliokaa nyuma wasikie.”

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, na kanisa lilijaa mpaka dirishani. Mbele kulikuwa na magunia ya mahindi, maharage, maboga, na kuku waliofungwa miguu ambao hawakufurahia ibada hata kidogo. Sadaka yetu ilikuwa magunia mawili ya mahindi meupe, nasi tuliona fahari tulipoyashusha mlangoni mbele za watu. Aliyeyabeba kutoka nyumbani alikuwa punda yuleyule. Ndugu yangu alimfunga kwenye mkaratusi uliotazamana na mlango. Baba alikwenda kukaa benchi la kwanza pamoja na wazee. Bibi Natalia alikuwa ameketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na maharage yake kidogo ameyafunga kwenye pindo la khanga.

Nilitoka nimejitanda ngozi begani kama wazee wetu wa zamani, fimbo mkononi, ndevu zimefungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Watu walinong'ona kwa kupendezwa. Nikaanza kwa sauti ya bondeni kama Baba alivyoniagiza. Ng'ombe wakapita salama. Nikasema, “Nimechukua punda wa nani?” na nikatazama mbele, juu ya vichwa vya watu, moja kwa moja nje ya mlango. Pale chini ya mkaratusi punda alikuwa anakula majani, na msalaba wake mgongoni.

Sijui nikuelezeje. Maneno niliyoyasema kwa wiki mbili, ndiyo kwanza nikayasikia siku hiyo.

Nilimalizia yaliyobaki kwa sauti ndogo. Asimame, nitamrudishia leo. Kisha nikasahau fimbo. Watoto kumi na mmoja walikodolea macho fimbo ile, nayo haikupanda. Mwalimu Safari, aliyeegemea ukuta, alikuwa anapandisha na kushusha mkono kama mtu anayechota maji kisimani. Mimi nilitazama tu nje. Kanisa likawa kimya, kuku mmoja akalalamika, kimya kikarudi. Kwenye kimya hicho nikasikia benchi la mwisho likilia. Bibi Natalia ameshika benchi la mbele yake. Goti la kwanza. Akapumzika. Goti la pili.

“Shikamoo, mzee Samweli,” akasema.

Kwetu salamu haiachwi chini. Lakini kwetu pia mtoto hapokei shikamoo ya bibi kizee, hilo halijawahi kuonekana. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho, nikamkuta amefumba ya kwake. Nikafikiri: mimi ni Juliana, lakini ndevu ni za Samweli.

“Marahaba,” nikaitikia.

Kanisa lililipuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Baba alicheka hadi akafuta machozi, nakumbuka vizuri, kwa kuwa hakucheka tena siku hiyo. Bibi Natalia alisubiri kwa adabu mpaka wote wakamaliza.

“Umeuliza punda wa nani, mzee wangu,” akasema. “Ni wangu mimi. Ni yule pale nje, amefungwa kwenye mti. Hii ni wiki ya tano nabeba maji kwa mgongo. Nimesikia ukisema utanirudishia leo. Nakushukuru sana.”

Na hakuketi, kwa sababu kuketi kwake nako kulikuwa kazi.

Vichwa vyote vikageuka. Vilikwenda mlangoni kumtazama punda, vikarudi kwenye magunia yetu mawili meupe, kisha vikatua kwenye benchi la kwanza. Shingo ya Baba niliiona ikivimba juu ya kola. Mimi nilikuwa nimebakiwa na neno moja tu kichwani, nikalisema tena: “Nitamrudishia leo.” Halafu nikaanza kulia, ndevu zikaloa, na harufu yake ikapanda mara mbili.

Baba akasimama. Alizungusha kofia mkononi mara moja, mara ya pili.

“Kamati,” akasema, “haija...”

Upande wa akina mama mtu akakohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Mwinjilisti wetu, mzee mpole asiyepandisha sauti hata akihubiri habari za jehanamu, akauliza, “Wajumbe wa kamati wamo humu ndani?” Walikuwemo wote. Watatu wakainua mikono, wawili wakachungulia kutoka nyuma ya magunia ya sadaka. “Basi ibada ikiisha mkae,” akasema, akaanzisha wimbo.

Kamati iliyoshindwa kukaa wiki tano ilikaa palepale ukutani pa kanisa, juu ya mawe, kijiji chote kimeizunguka. Chai ya sikukuu ilikuwa haijachemka walipomaliza. Wakasema punda alikula mistari miwili ya maharage, lakini amefanya kazi wiki tano, hivyo deni lake kwa kijiji limekwisha, aende kwao. Watu wakaitikia vizuri. Ndipo mzee mmoja wa kamati akauliza kwa upole, “Na yale maji aliyobeba mama huyu kwa mgongo je?” Wakateta tena kidogo. Ikaamuliwa kwamba nyumba ya mwenyekiti itampelekea Bibi Natalia maji kwa wiki tano, kila asubuhi, hadi mlangoni.

Kijiji kilipiga makofi. Mimi peke yangu nilijua kwa Kiswahili cha kawaida “nyumba ya mwenyekiti” ni nani.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilisubiri fimbo ya Baba, haikuja. Tukala ugali bila mtu kuomba chumvi. Usingizini niliota ndevu.

Jumatatu nilidamka kuchukua dumu nikalikosa. Nikatoka mbio na lile dogo, nikashuka njia ya bondeni, nikamwona mtu mbele yangu ndani ya ukungu, dumu kubwa begani, kofia ya pama kichwani. Alikuwa Baba. Kwetu wakati ule mwanamume mwenye mke na binti hakuonekana chemchemini na dumu, labda awe na msiba. Akina mama waliokuwa wakichota wakaacha vikombe vielee.

“Mwenyekiti, mama Juliana anaumwa?” mmoja akauliza.

“Mzima.”

“Au mtoto?”

“Mzima, huyo nyuma yangu. Punda nilimchukua mimi,” akasema, akainama kuchota.

Niliona aibu hadi nikatamani ardhi ipasuke. Kazi ya kuchota hakuijua, alimwagia viatu vyake maji, akabeba dumu vibaya, likampiga sikioni njia nzima ya kupanda. Bibi Natalia alimpokea mlangoni. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Akamkaribisha kwenye kiti chake pekee na kumpa chai, tena kikombe kikubwa.

Nisikudanganye kwamba Baba aligeuka malaika. Wiki ya tatu aliazima baiskeli, na wiki ya nne siku mbili nilikwenda peke yangu kwa sababu alisema mgongo unamsumbua. Lakini wiki tano zilitimia. Ulipofika uchaguzi, Bibi Natalia alimnyooshea mkono mpinzani wa Baba, Baba mwenyewe akiona, na Alhamisi iliyofuata akaja kwetu kama kawaida kunywa chai na kumweleza sababu. Baba alicheka mpaka chai ikampalia.

Miaka mingi nyumbani tuliisimulia habari hii kama kosa la bibi kizee asiyejua igizo ni nini, aliyedhani mtoto mwenye ngozi ya kondoo ni nabii kweli. Nami nilisimulia hivyo hivyo, nikiigiza ile shikamoo. Bibi alikuwa ameshafariki, nami nimeshakuwa mama wa watoto wawili, siku niliyompelekea Mwalimu Safari sketi apunguze urefu. Nikamkumbusha. Akasimamisha cherehani.

“Bibi Natalia asijue igizo?” akasema. “Yeye ndiye aliyenifundisha mimi Shule ya Jumapili, Juliana. Igizo lile ni lake. Samweli wa kwanza nilikuwa mimi, na ndevu zilinuka vilevile.”

Kumbe bibi alilijua kila neno. Alijua fimbo itapanda, na kwamba watoto watapiga kelele kuwa hakuna aliyedhulumiwa. Alikuwa ameuliza Alhamisi tano akapewa chai. Mikutanoni aliwasikia wakubwa wakisema “kuna swali?” na “hakuna, tufunge” kwa pumzi moja, yeye bado ameshika benchi anatafuta goti la kwanza. Siku ile mtoto mjinga alisahau fimbo, bibi akapata nafasi ya kutosha magoti yake.

Baba namsamehe, naye alijisamehe kwa shida zaidi kuliko tulivyomsamehe sisi. Mwenye kunisumbua ni yule msichana aliyeomba kamati isikae. Ninamwona mara kwa mara, kwa sababu sasa bomba limefika kijijini na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Funguo za koki ziko kwangu, sandukuni, kati ya vitenge. Nimejifunza jinsi ilivyo rahisi kufungua nyumbani kwanza.

Kwa hiyo kila mkutano, kabla ya kufunga, nauliza kama kuna mtu niliyemnyima haki yake ya maji. Kisha nanyamaza, wala si kidogo. Watu wamezoea, wengine hunicheka, husema mwenyekiti wetu husinzia akiwa amesimama.

Mwezi uliopita niliuliza, nikanyamaza. Katibu akanigusa kiwiko akidhani nimesahau kinachofuata. Nilijua wiki ile nilifungua koki ya wapi na sikufungua ya wapi. Nikamwambia asubiri. Kule nyuma, karibu na mlango, mama mmoja mzee alikuwa ameshika benchi la mbele yake, na goti lake la kwanza limeshanyooka.